Jahazi la Angani: Uhakiki wa Mchezo wa Kompyuta "Elite"

Tangu taaluma ya uhakiki ipate mizizi katika shule zetu, tumezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa macho mawili: jicho la fani na jicho la maudhui. Kwa mizani hiyo tumepima riwaya, tamthilia na tenzi, na baadhi yetu tumethubutu kupimia hata ngoma na maneno ya kanga. Mchezo wa kompyuta haujapata heshima hiyo. Aghalabu mwalimu hukutana nao anapoinyang'anya simu ya mwanafunzi, na hapo uhakiki wake huwa wa sentensi moja tu.

Katika kikao kimoja cha walimu wa lugha hapa Kigali, mwenzetu aliuliza kama chama cha Kiswahili cha shule kiruhusiwe kuzungumzia michezo hiyo katika mikutano yake, kama kinavyozungumzia vitabu. Wengi walicheka. Mimi naona swali lile lilistahili jibu, na makala haya ni jaribio la kulijibu kwa kuuchukua mchezo mmoja wa zamani na kuuhakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine. Mchezo wenyewe unaitwa Elite. Ulitolewa Uingereza mwezi wa Septemba mwaka 1984 na kampuni ya Acornsoft, na watungaji wake ni vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Ian Bell na David Braben.

Kwanza yafaa tuelewe ulizaliwa katika ukoo gani. Michezo ya vita vya angani ni karibu mikongwe sawa na michezo yote ya kompyuta. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, kundi la vijana lilibuni Spacewar!, ambamo vyombo viwili hurushiana makombora huku vikivutwa na jua lililo katikati. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado akabuni Space Invaders, na hapo ndipo dunia nzima ilipoingia wazimu. Wavamizi hushuka kwa safu, mchezaji huwapiga kutoka chini, nao huzidi kuja mpaka mchezaji afe. Kompyuta za nyumbani zilipoanza kuenea, nyingi zilibeba nakala za michezo ya namna hiyo. Ilikuwa na sifa moja iliyofanana: haina hadithi. Ina maisha matatu, ina idadi ya alama, na ina mwisho mmoja, yaani kifo.

Bell na Braben waliikataa kanuni hiyo. Walipoupeleka mchezo wao kwa kampuni ya Thorn EMI, walirudishwa, kwa kuwa haukufuata desturi ya maisha matatu na mchezo wa dakika kumi. Katika Elite, mchezaji ni nahodha wa chombo kimoja. Anaanza katika kituo kilicho karibu na sayari iitwayo Lave, akiwa na fedha 100, makombora matatu na tumbo la chombo linaloweza kubeba tani 20 za shehena. Haambiwi afanye nini. Anaweza kununua chakula hapa akauze kule. Anaweza kuwinda maharamia ili alipwe. Anaweza mwenyewe kugeuka haramia. Anaweza kuhifadhi safari yake katika kanda au diski, akalala, akaiendeleza kesho. Kwa mtu wa leo jambo hili ni la kawaida. Mwaka 1984 lilikuwa kama mtu kutunga riwaya katika nchi iliyozoea vitendawili tu.

Mimi nadai kwamba waliouita huu mchezo wa kupiga risasi waliutazama kwa dirisha dogo. Hebu mwalimu ajaribu kuusimulia kwa Kiswahili, naye ataona ni msamiati gani unaomjia ulimini bila kuitwa: nahodha, shehena, bandari, bei, faida, magendo, haramia. Huo ni msamiati wa pwani yetu. Jahazi liliondoka Muscat kwa kaskazi likiwa na tende, likarudi kwa kusi na boriti za mikoko; na nahodha wake, kama nahodha wa Elite, aliishi kwa kujua kitu gani ni rahisi wapi na ghali wapi. Hata mafuta ya chombo hiki yana mpaka kama upepo, kwani tangi likijaa haliwezi kukupeleka zaidi ya miaka saba ya nuru. Na kuingia bandarini ni kazi ya ubaharia hasa. Kituo huzunguka polepole, mlango wake ni ufa mwembamba, na mgeni hana budi kukizungusha chombo chake kwa mwendo uleule la sivyo atajipasua ukutani. Wachezaji wengi wapya walifia mlangoni kuliko mikononi mwa adui.

Sasa tuitazame fani. Kompyuta iliyokusudiwa ilikuwa BBC Micro, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1981 kama sehemu ya mpango wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwafundisha wananchi kompyuta, na serikali ya Uingereza ilizisaidia shule kuinunua. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 32. Picha moja ya simu ya mwanafunzi wetu hujaza nafasi mara nyingi zaidi ya hiyo. Ndani ya ufinyu huo, na sehemu yake ikiwa imekwisha chukuliwa na kioo chenyewe, watungaji waliweka vyombo vinavyogeuka pande zote, vikichorwa kwa mistari mitupu, na ile mistari ya upande wa nyuma ikifichwa ili umbo lionekane gumu. Vilevile waliweka galaksi nane, kila moja ikiwa na nyota 256. Jumla ni mifumo ya nyota 2,048, kila mmoja na jina lake, serikali yake, uchumi wake na bei zake.

Wangewezaje? Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopaswa kuvuta kiti karibu, maana jibu ni la kiisimu kuliko la kihandisi. Hawakuyaandika majina hayo popote. Walihifadhi namba tatu tu, na orodha fupi ya jozi za herufi.

Chukua karatasi. Namba tatu za galaksi ya kwanza ni 23114, 584 na 46931. Kanuni yasema: zijumlishe zote tatu, jumla iwe namba mpya mwishoni, na ile ya kwanza itupwe. Jumla ni 70,629, lakini kisanduku cha kompyuta hiyo hakiwezi kubeba zaidi ya 65,535, kwa hiyo hesabu huzunguka kama saa ya ukutani na kubaki 5,093. Namba tatu sasa ni 584, 46931 na 5093. Endelea hivyo na namba ya mwisho inayofuata ni 52,608, kisha 39,096. Basi kila namba ya mwisho uigawe kwa 256, ulitupe baki. Jibu ulipatalo uligawe kwa 32, na safari hii uchukue baki. Namba 46931 itakupa 23. 5093 itakupa 19. 52608 itakupa 13. 39096 itakupa 24. Katika orodha ya jozi, ya 23 ni TI, ya 19 ni BE, ya 13 ni DI, ya 24 ni ED. Umeipata sayari ya kwanza ya galaksi ya kwanza: Tibedied. Ukiendelea vivyo hivyo, Lave itajitokeza yenyewe, kwa LA na VE.

Orodha ina nafasi 32, na moja ni tupu ili majina mengine yawe mafupi. Nimezihesabu jozi zilizobaki 31. Kumi na saba ni silabi wazi, yaani konsonanti ikifuatwa na irabu: LE, ZA, BI, SO, MA, DI, RA, LA, TI na kadhalika. Kumi na mbili huanza kwa irabu na kufungwa na konsonanti, kama vile ER, AT, ON. Zilizosalia ni QU, na A iliyo peke yake. Ndiyo sababu baadhi ya sayari zina majina ambayo mtoto wa Rwanda huyatamka bila taabu, kwa kuwa Kinyarwanda, kama Kiswahili, hupenda silabi wazi: Lave, Diso. Lakini jozi zikigongana vibaya tunapata Riedquat, na hapo darasa langu liliingiza irabu lenyewe bila kuambiwa, likasema Riedikwati. Somo zima la utohozi lilipatikana katika jina moja ambalo hakuna mtu aliyelitunga.

Nilikwenda hatua moja mbele na wanafunzi wa mchepuo wa lugha. Tuliziondoa jozi za Kiingereza, tukaweka silabi za Kiswahili mahali pake, nasi tukaziacha namba zilezile zifanye kazi. Kwa 23 tuliweka KU, kwa 19 NDO, kwa 13 RA, kwa 24 MI. Tibedied ikawa Kundorami. Darasa lilibishana kama Kundorami ni sayari au ni kisiwa kilichoko nyuma ya Lamu, na sikuona haja ya kuwaamua.

Maelezo ya sayari nayo hutungwa kwa njia hiyohiyo katika matoleo yenye nafasi zaidi. Kuna kiunzi cha sentensi chenye mapengo, na mapengo hujazwa kwa kuchagua neno kutoka katika mafungu: sifa fulani, mnyama fulani, desturi fulani. Sayari hii ni mashuhuri kwa kitu hiki, ile inasumbuliwa na kitu kile. Mara nyingi matokeo ni upuuzi unaochekesha, lakini ni upuuzi wenye sarufi safi. Anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba sentensi yaweza kuwa sahihi kimuundo na tupu kimaana hahitaji mfano bora zaidi.

Inasimuliwa kwamba watungaji walikuwa tayari kuweka galaksi nyingi mno, kwa maelfu ya mabilioni, maana kanuni yao iliweza. Ni Acornsoft iliyowasihi waridhike na nane, kwa hofu kwamba wingi ule ungefichua kuwa yote ni hesabu. Shauri hilo lilikuwa la mhariri mwema. Msanii asiyejua kukoma huharibu kazi yake mwenyewe.

Nimeisifu fani, sasa maudhui, na hapa sifa zangu zinapungua.

Ulimwengu wa Elite umegawanyika katika sayari za viwanda na sayari za kilimo. Faida ya haraka hupatikana kwa kununua chakula, nguo, pombe na manyoya katika za kilimo, na kuyauza katika za viwanda. Halafu kurudi na kompyuta, mashine na vitu vya anasa. Njia baina ya Diso, yenye kilimo, na Leesti, yenye viwanda, iliwatajirisha manahodha wengi. Msomaji anayeishi katika nchi ya kahawa na chai haulizi biashara hiyo inaitwaje. Anaijua. Bei hupanda na kushuka kidogo kila unapotua, lakini hali ya sayari haibadiliki kamwe, kwa kuwa imetoka katika zile namba tatu. Ipelekee Diso mashine elfu, nayo itabaki na jembe lake milele. Umaskini umeandikwa katika mbegu. Sidhani kwamba vijana wawili wa Cambridge walikusudia kuhubiri hivyo. Kumbukumbu ya kilobaiti 32 haikuwaachia nafasi ya maendeleo. Hata hivyo mhakiki huhukumu kilichomo ndani ya kazi, na kilichomo ni ulimwengu usio na historia.

Serikali nazo zimepangwa kwa daraja la usalama. Chini kabisa ni sayari zisizo na serikali, ambako maharamia hukungoja kwa makundi. Kisha ukabaila, udikteta, ukomunisti na nyinginezo. Na juu kabisa, hata juu ya demokrasia, ni dola inayotawaliwa na makampuni. Kuwa kazi hii ilitungwa katika Uingereza ya Margaret Thatcher ni jambo ambalo kila msomaji ataliunganisha apendavyo.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Orodha ya bidhaa ina vitu 17. Cha kwanza ni chakula, cha pili nguo, cha tatu madini yenye mnunurisho. Cha nne ni watumwa. Wameandikwa hapo kwa tani, pamoja na bei yao, baina ya madini hayo na pombe. Mchezo haukuyafumbia macho kabisa: atakayeondoka kituoni akiwa amebeba watumwa, dawa za kulevya au silaha hutiwa alama katika daftari la sheria, na polisi huweza kumshambulia. Lakini ni kosa la magendo tu, sawa na la bunduki. Na katika toleo la diski kuna jambo ambalo limenikaa moyoni. Ukikivunja chombo cha mtu naye akaruka kwa kidau cha kujiokoa, waweza kukinasa kidau hicho. Na ukifungua ghala lako, utakuta umeongezewa mtumwa. Aliyekimbia kifo ameingia katika orodha ya bei.

Nilisema msamiati wa jahazi ndio unaoufaa mchezo huu. Sina budi kuendelea na kauli hiyo mpaka mwisho wake. Majahazi yaleyale yaliyobeba tende na boriti yalibeba watu, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Tunapowafundisha watoto ushairi wa bahari, na uzuri wa tanga na upepo, mara nyingi tunakiruka kifungu hiki cha shehena. Elite, kwa ukavu wake wa kihasibu, haikukiruka. Sijui kama huo ni ukatili au ni ukweli ulioponyoka. Mimi ningekitumia darasani kwa sababu hiyohiyo, na mwalimu akiwa pale.

Kasoro ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni namna mchezo unavyompima mtu. Utajiri haukupandishi cheo, wala uhodari wa kuingia bandarini, wala uaminifu. Kinachohesabiwa ni idadi ya vyombo ulivyoviangamiza. Ukifikisha vinane unapanda daraja la kwanza. Ukifikisha 128 unaitwa stadi. Ukifikisha 6,400 unapata jina la juu lililoupa mchezo wote jina lake. Hakuna sura wala sauti katika vyombo hivyo, ni mistari inayotawanyika. Watetezi watasema ndiyo maana haidhuru. Lakini sisi tunafundisha Kigali, katika nchi iliyoona mwaka 1994 jinsi mtu anavyoweza kuvuliwa uso kwa maneno kwanza ndipo auawe. Mwalimu wa hapa akiona hesabu ya waliouawa ikigeuzwa kuwa cheti cha ustadi, ana haki ya kuusimamisha mchezo na kuuliza darasa: kwa nini mtungaji hakuhesabu shehena zilizofika salama? Mbinu ya kuzihesabu ilikuwemo. Tani zilihesabiwa, fedha zilihesabiwa. Huo ulikuwa uchaguzi, na uchaguzi ndio kiini cha maudhui.

Kazi nyingine ya Kiswahili inafaa kuwekwa kando yake. Katama Mkangi, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, naye alimrusha mhusika angani kwa chombo. Lakini Dzombo anapotua, anakuta jamii ya watu walio sawa, na safari yote ni njia ya kuihukumu dunia aliyotoka. Mkangi aliitumia anga kuuliza watu waishi vipi. Bell na Braben waliitumia kuuliza mtu mmoja atajipatia nini. Katika sanduku la mchezo kulikuwa na hadithi iliyoandikwa na Robert Holdstock, The Dark Wheel, kana kwamba wachapishaji walihisi kuwa mistari na bei havitoshi kumpa nahodha nafsi.

Jibu langu kwa mwenzetu aliyeuliza, basi, ni ndiyo: chama cha Kiswahili kiuzungumzie, na kiuzungumzie kwa ukali. Watoto wetu wameshikishwa vyombo vya kompyuta tangu mwaka 2008, Rwanda ilipoanza kugawa zile kompyuta ndogo za mpango wa OLPC, ambazo baadaye zilizidi laki mbili. Ndani yake kulikuwa na Turtle Art, programu ya kobe anayechora kwa kuamrishwa, kwa hiyo mbegu ya kutunga ilikuwemo. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa. Kinachokosekana ni mahali ambapo vitu hivi viwili vinakutana, na nadhani penseli, karatasi na zile namba tatu ni mwanzo wa gharama ndogo kuliko wote.

Anayetaka kuuona mchezo wenyewe hatataabika. Ian Bell aliuweka wazi msimbo wa toleo la BBC, kompyuta yoyote ya leo yaweza kuigiza ile ya zamani, na mrithi wake, Elite Dangerous, ulitolewa mwaka 2014 ukiwa na nyota zisizohesabika, na mimi binafsi nimeuona umepoteza ule ufinyu uliomtia baba yake akili.

Limebaki suala la tafsiri, ambalo naliacha kwa wasomaji wa jarida hili. Bidhaa 17 hazina tatizo. Mzozo ni juu ya vyeo tisa. Cha chini tumekiita Asiyedhuru, na kinachofuata Mwenye Madhara Haba. Dhaifu, Wastani, Zaidi ya Wastani na Stadi vilipita bila kura. Kisha Hatari, na Muuaji. Kwa cha juu kabisa wanafunzi wangu wamegawanyika. Wako wanaotaka Mteule, lakini neno hilo lina harufu ya msikiti na kanisa. Wako wanaotaka Bingwa, lakini bingwa kwa asili ni mtu mwenye maarifa, na hapa hakuna kilichopimwa ila mauaji. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alipendekeza tuandike namba tu, 6,400, bila jina lolote.